Ukikwama Piga Namba Hii

Simu iliita Mama akiwa na pini mdomoni. Alikuwa anapinda sketi ya sare, mguu uko kwenye pedali ya cherehani, mikono yote miwili imeshika kitambaa. Mtu mwingine angeiacha iite mpaka ichoke. Mama hakuwa tena mtu wa kuacha simu iite. Alizitema pini kiganjani, sketi akaiachia ianguke, akapokea.

"Haloo?"

"Mama, nimekwama."

Ilikuwa sauti ya kijana. Mama alisimama ghafla hata kiti kikaenda chali na pini zikamwagika.

"Kobe! Uko wapi, baba? Wamekufanya nini?"

"Kobe ndo nani? Mimi niko mlangoni hapa. Bibi kasema nikikwama nipige. Huu mlango unafunguliwaje?"

"Mlango gani?"

"Wa kwenye gemu, Mama."

Mama alikata simu. Akainua kiti, akakaa, kisha akaanza kuokota pini sakafuni kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamejaa.

Kobe ndiye mwanawe wa kwanza. Jina hilo alibandikwa utotoni kwa sababu alikuwa hatembei bila mkoba mgongoni, hata akienda msalani, na kwa sababu hakuwahi kufanya jambo lolote kwa haraka. Moja tu alilifanya kwa haraka, nalo ni kuondoka. Wakala alipita mtaani na shati lililopigwa pasi na maneno matamu: kuna kazi ya kuvunja kokoto, mradi wa barabara, malazi juu ya kampuni, chakula juu ya kampuni. Kobe akapanda gari lake kabla nguo alizofua hazijakauka kambani. Mama ndiye aliyezianua.

Walipofika huko, getini walinyang'anywa vitambulisho na simu. Haya Mama aliyajua kwa sababu Kobe aliwahi kupiga mara moja, kwa simu ya dereva wa lori, akinong'ona.

"Mama, huku hakutoki mtu. Hata panaitwaje sijui, tuliletwa ndani ya turubai. Nikipata simu ya mtu nitapiga tena. Usibadilishe namba."

Ikakatika. Mama alipompigia yule dereva, dereva alisema asimtafutie balaa, na tangu hapo hakupatikana. Polisi waliandika maelezo vizuri tu, wakamwambia, mama, tuletee jina la mahali. Jina la mahali ndilo alilokosa.

Usibadilishe namba. Maneno hayo yalimfunga Mama pale ukumbini kuliko kamba. Akaacha kwenda sokoni, asije akakosa kuisikia simu katika kelele, akaacha kwenda hata kwenye misiba. Akioga, simu iko dirishani mwa bafu. Namba yenyewe ilikuwa mpya, kwa kuwa simu ya zamani ya Mama ilikwapuliwa pamoja na laini yake, na Kobe hakuwa mtu wa kushika namba kichwani. Alikuwa nayo mahali pamoja tu, ndani ya kigemu chake cha mkononi, kile cha zamani chenye kioo kidogo kama kipande cha sabuni. Walinzi wa getini walikicheka wakamwachia.

Aliyeiweka namba humo ni mdogo wake wa kike, na hapo ndipo mkosi ulipopitia.

Binti huyo nyumbani walimwita Nukta. Mchana alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, na saa zake nyingine zote alikuwa na kaseti za magemu ya zamani. Alizitafuta kwa mafundi redio na kwenye masanduku ya mitumba, akazisafisha meno ya shaba kwa pamba, akazichomeka kwenye kifaa chake na kuuhamisha mchezo mzima kwenye kompyuta ukawa faili. Wenzake wanaofanya kazi hiyo wanaliita romu. Walikuwa kundi, watu wa nchi mbalimbali wasioonana, wenye hifadhi yao moja kubwa mtandaoni. Nia yao ilikuwa njema. Kaseti zinaoza, walisema, na mchezo usipotolewa mapema unakufa na kaseti yake.

Kundi hilo lilikuwa na sheria kali za majina. Faili lazima liitwe kama mchezo ulivyoandikwa kwenye kaseti, kisha nchi ulikouzwa ndani ya mabano, kisha toleo, na mwisho alama. Kama mchezo ni ule ule uliotoka kiwandani, haukuguswa, unawekewa alama ya kuthibitishwa. Kama kuna mtu ameingiza mkono wake, hata akibadilisha rangi ya kofia tu, ni lazima jina liseme kwamba umechezewa. Nukta alizipenda sheria hizo kama watu wengine wanavyopenda muziki. Ukimwekea kijiko upande wa uma alikirudisha.

Alirudi kutoka kazini jioni ile na kumkuta mama yake amekaa, cherehani kimya, taa haijawashwa.

"Shikamoo Mama. Mbona giza?"

"Marahaba. Kaa hapo. Shika simu hii, ikiita upokee wewe."

Haikuchelewa kuita. Nukta aliweka sauti ya nje. Safari hii alikuwa mwanamke, anacheka na wenzake nyuma yake.

"Mama eeh, nimekwama! Bibi kasema nipige. Si ndiyo hapa?"

"Bibi yupi?" Nukta aliuliza.

"Wa kwenye nyumba yenye mlango mwekundu. Ametoa maandishi: Mwanangu, ukikwama piga namba hii. Nimeona niijaribu, kumbe inaita kweli!"

"Umeupata wapi mchezo huo, dada?"

"Si kwenye hivi vigemu vinavyouzwa barabarani? Vya magemu mamia ndani yake."

Nukta alikata. Alikaa chini, juu ya vipande vya vitambaa, mkoba bado begani.

"Mama," alisema, "nimeharibu."

Mzazi mwenzangu, hapa naomba usome polepole, maana hata Mama ilibidi aambiwe mara mbili.

Kobe alipokuwa anajiandaa kuondoka, Nukta aliogopa atapoteza namba ya nyumbani. Karatasi angeilowesha, simu angeibiwa. Lakini kigemu hakukiacha tangu utoto, na kulikuwa na mchezo mmoja aliokuwa akiucheza miaka nenda miaka rudi, ambao kaseti yake Nukta aliitoa mwenyewe kwenye droo ya fundi redio. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameuhifadhi. Ndani yake kuna bibi anayesimama mbele ya mlango mwekundu na kusema maneno ya kigeni yasiyo na msaada wowote. Nukta aliufungua mchezo, akayafuta maneno ya bibi, akaandika yake kwa Kiswahili: Mwanangu, ukikwama piga namba hii. Chini yake namba ya Mama.

"Sasa ukaugusa," Mama alisema. "Si mna alama ya walioguswa? Kwa nini hukuiweka?"

"Ningeiweka jina lingebadilika. Na kile kigemu kinakumbuka mahali ulipofikia kwa jina la faili, Mama. Ukibadilisha jina, kinakuona umeanza upya. Kobe alikuwa ameshafika kwa bibi. Ningemrudisha mwanzo kabisa, na namba asingeiona."

"Kwa hiyo ukaliacha jina la zamani."

"Na alama yake ya kuthibitishwa. Nikasema ni wa Kobe tu, nani atauona. Halafu kompyuta yangu ikaanza kuzima ovyo. Nikaogopa kupoteza kazi yangu yote, nikalituma folda zima kwenye hifadhi siku moja. Na huo ukaenda humo humo."

"Na wale wenzako wakali hawakuona?"

"Wanapima faili kwa kulinganisha na la mtu mwingine, kama alama ya kidole. La kulinganisha halikuwepo. Mimi ndiye wa kwanza. Wakapokea langu likawa ndilo kipimo. Wauza vigemu wanachota huko huko, wanachukua tu mafaili yenye alama ya kuthibitishwa."

Mama alimwangalia mwanawe aliyekaa kwenye vitambaa. Alitaka kufoka, akashindwa. Mtoto aliyemfanyia kaka yake jambo la upendo utamfokea uanzie wapi?

"Basi waambie waufute."

"Nitawaambia."

Aliwaambia. Jibu lilikuja na adabu zake zote. Hifadhi haifuti, walisema, kuhifadhi ndiyo kazi yake. Kama anadai kwamba faili limechezewa, alete kaseti aipime mtu wa pili. Kaseti ilikuwa imeshaliwa na kutu, na lile faili la asili Nukta alikuwa ameliandikia juu kwa mkono wake mwenyewe. Bila ushahidi, wakamwandikia, yeye ndiye anayeonekana anataka kuchezea mchezo halisi. Wakamkumbusha sheria za majina.

"Sheria hizo nimeziandika mimi nusu yake," Nukta alimwambia mama yake, na akacheka kicheko ambacho Mama hakukipenda. Na hata kama hifadhi ingekubali, vigemu vilikuwa vimeshauzwa. Viko mifukoni mwa watu, kwenye vibanda vya kinyozi, kwenye malindo ya usiku. Kila aliyefika mlango mwekundu alikwama, na kila aliyekwama alipiga.

Walipiga asubuhi na walipiga chai ikiwa mkononi. Kwa kuwa bibi wa kwenye gemu alisema mwanangu, wote walimwita Mama. Wote walisema nimekwama. Ndilo neno ambalo Kobe angelisema. Kila mara moyo wa Mama uliruka, na kila mara ulirudi chini mzito zaidi. Kubadilisha namba haiwezekani. Kuzima simu haiwezekani. Kutopokea namba ngeni haiwezekani, kwa kuwa Kobe angepiga kwa namba ngeni. Mama alihesabu njia zote akakuta kila moja imezibwa na mtoto wake mwenyewe, huyu au yule.

Shangazi alikuja kuwatazama, dada wa marehemu baba yao, mwanamke mwenye kifua na sauti. Alikuta simu inaita na wifi yake amekauka kama mti.

"Hebu lete hiyo. Haloo! Umekwama? Pole. Umeoa?"

"Bado, Mama," mtu alijibu upande wa pili.

"Ndiyo maana. Hata mlango unakukataa. Wewe Nukta, hivi huu mlango unafunguliwaje kweli?"

"Unazunguka nyuma ya nyumba," Nukta alisema kwa unyonge, "unageuza chungu. Ufunguo uko chini yake."

"Kageuze chungu nyuma ya nyumba, baba. Na uoe." Shangazi alikata, akajipangusa mikono kama aliyemaliza kuosha vyombo. "Umeona, wifi? Unawaacha waongee, unawauliza wewe nani, uko wapi, huku mwanao anapiga anakuta laini ina mtu. Akisema nimekwama, mpe chungu, kata. Laini iwe wazi."

Wazo hilo lilikuwa na akili, na Mama alilishika. Akawa hodari. Pini mdomoni, mkasi mkononi, simu imebanwa kati ya sikio na bega: "Kageuze chungu nyuma ya nyumba." Kata. Wateja walizoea. Wengine wakaanza kumtania mtaani, "Mama Chungu, hujambo?" Moyo nao ulipunguza kuruka, na Mama alishukuru kwa hilo. Hakujua kwamba hilo ndilo la kuogopa.

Ilikuwa mchana, jua limeingia hadi kwenye meza ya kukatia. Mteja mmoja, mwalimu mnene mwenye haraka, alikuwa amesimama juu ya kigoda na gauni la harusi ya mdogo wake, nusu limepindwa, nusu linaning'inia. Mama alikuwa amepiga magoti. Simu ikaita. Kulikuwa na upepo upande wa pili, na ngurumo ya injini.

"Mama. Nimekwama."

"Kageuze chungu nyuma ya nyumba, mlango utafunguka."

Akakata. Akachomeka pini. Akachomeka nyingine. Ya tatu ikabaki hewani.

Huyu hakucheka. Hakumtaja bibi wala mlango. Alisema Mama, akanyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate, ndipo akasema hilo lingine. Nani anayesema hivyo? Nani tangu utoto alikuwa anaanza na Mama, kisha ananyamaza, mpaka unamwambia sema basi, Kobe, kutakucha?

"Mama fundi," mwalimu alisema kutoka juu ya kigoda, "umenichoma."

Mama alikuwa ameshaipiga ile namba. Iliita mpaka akadhani haitapokewa.

"Duka la njia panda," sauti ya mwanamke ilisema. "Nani mwenzangu?"

"Kuna kijana kapiga hapa sasa hivi. Nipe niongee naye. Tafadhali, dada yangu, nipe."

"Yule wa kokoto? Ameshaondoka. Lori lao husimama hapa kuchukua maji, wanashushwa wawili kubeba madumu, na mlinzi yuko juu. Aliniomba simu wakati mlinzi anawasha sigara."

"Mwite! Piga kelele!"

"Limeshapinda, mama. Vumbi tu naona." Mwanamke alisita. "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."



"Alivyokusikia," mwenye duka alisema taratibu, "aliitazama simu, akanirudishia. Nikamuuliza vipi, hayupo? Akasema yupo, ila hakunijua. Alikuwa na kigemu, alikuwa anasoma namba humo. Akakisukuma hapa mezani. Akasema mpe mtoto achezee, mimi sina tena wa kumpigia."

Mama alikaa chini palepale, juu ya upindo wa gauni la mteja.

"Hapo ni wapi?" Mama aliuliza mwisho. "Dada, hapo mlipo panaitwaje?"

Mwenye duka alitaja. Mama alirudia kwa sauti, jina na njia na kituo cha kushukia, na mwalimu, akiwa bado na pini pande zote, aliinama kutoka kigodani, akachukua chaki ya kukatia na kuliandika jina lile juu ya meza kwa herufi kubwa za ubaoni.

"Wanarudi maji yakiisha," mwenye duka alisema. "Kesho hawaji. Keshokutwa labda."

"Nakuja. Akija kabla yangu mwambie mama yake hakumjua kwa sababu ya ujinga, si kwa sababu ya moyo. Mwambie hivyo hivyo."

"Nitamwambia, mama. Kama watamshusha yeye."

Nukta aliitwa kutoka kazini. Alifika anahema, akayasoma yaliyoandikwa mezani, akayanakili ili awasomee polisi. Alipiga simu, akasubirishwa, akaambiwa faili la malalamiko litatafutwa. Alipomgeukia mama yake alimkuta anafunga nguo za Kobe kwenye mkoba, zile alizozianua kambani.

"Mama, na simu? Akipiga tena tuko njiani, mtandao umekatika?"

"Atapigaje?" Mama alisema bila kugeuka. "Namba hana. Ilikuwa kwenye kile kidude, na kidude ameshakigawa. Nimekaa hapa kama mbuzi wa kamba nikilinda namba ambayo mwanangu hana tena. Leta ile sweta yake."

Nukta alileta. Hawakutazamana. Walikuwa wanafunga zipu wakati simu ilipoita, na Mama, kwa mazoea, aliibana kati ya sikio na bega. Kioo kilikuwa kimeonyesha namba ya dukani.

"Mama?" Ilikuwa sauti ndogo ya msichana, yenye mafua. "Nimekwama."

Mama alishusha mkoba.

"Wewe ndiye mtoto wa duka?"

"Ee. Kaka wa kokoto kanipa gemu. Bibi kasema nipige. Ni wewe bibi?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, chungu na nyuma ya nyumba na mlango utafunguka, limezoea kutoka lenyewe. Mama alilimeza.

"Ni mimi. Sikiliza, mjukuu wangu. Bibi bado anasema? Maandishi yake yapo?"

"Yapo. Na namba."

"Basi kaa hapo hapo. Huo mlango usiufungue."

"Kwa nini? Mimi nataka kuingia."

"Najua. Lakini ukiingia maandishi yatapotea, kwa hiyo usiingie, na usikizime. Yule kaka akija kuchukua maji mwonyeshe hayo maandishi, mwambie ni kweli, bibi amesema apige tena. Utakumbuka?"

"Chaji itaisha."

"Mwambie mama akuchomekee."

Msichana alivuta kamasi, akafikiri.

"Bibi, na wewe uko wapi? Uko nyuma ya mlango?"

Mama aliutazama ukumbi wake, cherehani, dirisha, kiti kilichokuwa na alama ya mwili wake. Nukta alikuwa ameshabeba mkoba na kusimama nje, funguo mkononi.

"Ndiyo," Mama alisema. "Lakini natoka sasa hivi."